Shajara ya mradi: zana inayoiletea ejenti kanuni za fyucha

Jumatatu

Zana yenyewe inafanya kazi. Ukiipa jina la mkataba wa fyucha wa sarafu za kidijitali, yaani mkataba wa kubashiria bei bila kununua sarafu yenyewe, inakwenda kwenye soko la Binance, inachukua kanuni za mkataba huo kama zilivyo saa hiyo na kuzirudisha kwa ejenti, programu ya akili mnemba inayomtendea mtu kazi. Kilichobaki ni maelezo yake, na kuanzia leo shajara hii itahusu maelezo tu. Wapo wenzangu katika kikundi wanaoona hiyo ni kazi ya kumalizia, ya kufanywa jioni moja. Mimi naona ndiyo nusu ya zana, na afadhali niandike sababu mapema ili tukibishana tubishane juu ya kitu kilichoandikwa.

Ejenti ya akili mnemba haioni kodi yetu, yaani maandishi ya programu. Inaona jina la zana, maelezo yake, na muundo wa vitu inavyopaswa kuipa. Ndivyo ilivyo katika Model Context Protocol, itifaki iliyotolewa na Anthropic mnamo Novemba 2024, ambayo ndiyo tuliyoichagua: modeli, yaani ubongo wa ejenti, inapewa orodha ya zana, inasoma, kisha inaamua iite ipi na iipe nini. Mtaalamu wa programu akikwama anafungua kodi, anamwuliza jirani, anajaribu tena kesho. Modeli haina jirani. Pale maelezo yanaponyamaza, inajaza pengo kwa yale iliyojifunza zamani, na inayasema kwa uhakika uleule inaosemea mambo ya kweli. Kanuni za soko hubadilika. Kilichokuwa sahihi wakati modeli inafunzwa huenda leo kimeshapitwa.

Sitaki mtu wa komini ya Katuba au ya Kampemba hapa Lubumbashi apoteze pesa kwa sababu ya pengo la namna hiyo. Vijana tunaowatengenezea wanaweka dola kwenye simu, wananunua USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata dola, kwa mtu, halafu wanafungua fyucha kwa leveraji, yaani nafasi kubwa mara kadhaa kuliko dhamana waliyoweka. Binance inaruhusu leveraji ya hata mara 125 kwa baadhi ya mikataba. Kwa kiwango hicho bei ikienda kinyume nawe kwa asilimia 0.8 dhamana yote imekwisha, na kwa kweli soko linakufilisi kabla ya hapo, maana linadai sehemu fulani ya dhamana ibaki. Anayeiuliza ejenti yetu swali la kanuni huenda pesa anayoizungumzia ni minervali, ada ya shule, ya mtoto. Basi jibu liwe sahihi, au lisiwepo.

Jumanne

Leo tumeanza na maelezo mafupi kwa makusudi: "Huleta kanuni za biashara za mkataba wa fyucha." Basi. Tulitaka kuona modeli inapotea wapi ikiachwa peke yake na jibu ghafi la soko.

Tuliiomba itayarishe oda, yaani agizo, ya kununua BTCUSDT, mkataba wa Bitcoin unaohesabiwa kwa USDT, kwa bei iliyo chini kidogo ya bei ya sasa. Iliita zana vizuri, ikapata jibu, ikaandika bei yenye tarakimu mbili baada ya nukta, ya namna ya 60,250.37. Kwa macho ni bei nzuri kabisa. Soko lingeikataa kwa kosa namba -4014, kwamba bei haikufuata hatua yake.

Sababu imo ndani ya jibu lenyewe. Kuna sehemu inayoitwa pricePrecision, na kwa BTCUSDT inasema 2. Kuna nyingine, imefichwa chini zaidi kati ya vichujio, inaitwa tickSize, nayo inasema 0.10. Hiyo ya chini ndiyo kanuni: bei inapanda na kushuka kwa senti kumi kumi. 60,250.30 inapita, 60,250.40 inapita, ya 37 haipiti. Waraka rasmi wa Binance unaonya waziwazi kwamba pricePrecision isitumiwe badala ya tickSize, wala quantityPrecision badala ya stepSize, ambayo ni hatua ya kiasi. Ila onyo hilo limo kwenye waraka, halimo kwenye jibu. Data inasafiri bila maonyo yake. Modeli iliona jina linalofanana na kile ilichokuwa inatafuta, tena liko juu, ikalichukua.

Kuna mengine ya ukoo huohuo. Katika kila mkataba jibu linataja requiredMarginPercent 5.0000 na maintMarginPercent 2.5000, na waraka unasema zote mbili zipuuzwe. Modeli haikujua. Tulipouliza leveraji ya juu kabisa, iligawa 100 kwa 5 ikatangaza mara 20, kwa ufafanuzi mzuri wa aya nzima. Hata saa ya seva, serverTime, imeandikiwa kwenye waraka kwamba isitegemewe. Anayetaka saa halisi aulize kwenye anwani nyingine ya soko.

Mwenzangu anayeshughulikia seva alisema tuiachie modeli data yote, ina akili ya kuchagua. Nilimjibu kwamba akili haitoshi kama ilani imebaki kwenye ukurasa ambao modeli haijausoma. Tumekubaliana hivi: sehemu ambazo soko lenyewe linasema zipuuzwe tunaziondoa kabla ya jibu kuifikia modeli. Zinazobaki tunazipa majina yetu yanayosema kazi yake: hatua_ya_bei, hatua_ya_kiasi, kiasi_cha_chini, kiasi_cha_juu, thamani_ya_chini. Jina la asili linabaki pembeni ili anayekagua aweze kulinganisha na soko.

Faida nyingine ya kuchuja: anwani ya soko tunakochukulia kanuni za fyucha haikubali uulize mkataba mmoja. Ukiita, inakumwagia mikataba yote, mamia, hata kama wewe unataka mmoja. Kuimiminia modeli mzigo huo wote ni kuifanya isahau swali. Na kwa intaneti yetu ya kununua kwa megabaiti, ni kuchoma pesa. Seva yetu inachukua jibu zima mara moja, inalihifadhi, na kutoa kipande kimoja tu.

Jumatano

Umeme haukurudi hadi jioni, kwa hiyo nimeandika kwenye daftari. Jambo moja tu la leo: namba zote zibaki maandishi. Soko lenyewe linatuma "0.10" ndani ya alama za kunukuu, na lina sababu. Kompyuta ikizigeuza kuwa namba za kuelea, ambazo hukadiria desimali, 0.1 mara 3 inakuwa 0.30000000000000004, na mkia huo mdogo unatosha oda kukataliwa kwa kosa -1111, la tarakimu kuzidi. Hesabu ya kugawa kwa hatua itafanywa na seva kwa desimali kamili. Modeli haitaachiwa hesabu hiyo hata kidogo, na maelezo yaseme hivyo wazi: usikadirie mwenyewe, iite zana.

Alhamisi

Siku ndefu, na yenye manufaa kuliko zote mpaka sasa.

Kijana wetu wa mwaka wa pili wa informatika, ambaye nilimpa rasimu aisome kama mtu wa nje, alifika kwenye mfano wa kwanza akasimama. "Yaya, umeandika kiasi ni 1. Hii moja iko ngapi?"

Swali hilo limetuchukua mchana mzima. Mzee tunayemwomba ushauri, ambaye amefanya miaka upande wa mauzo ya shaba, hakuelewa kwa nini linatusumbua. Kwenye soko la metali la London loti moja ya shaba ni tani 25. Anayeuza katode, vibamba vya shaba safi, kutoka Katanga anajua, anayenunua anajua, hakuna wa kuuliza. Kwa sarafu za kidijitali hakuna loti ya namna hiyo. Kila soko lina moja yake.

Kwenye Binance, mikataba inayolipwa kwa USDT, kiasi 1 cha BTCUSDT ni Bitcoin nzima, na hatua ya kiasi ni 0.001. Kwenye mikataba ya Binance hiyohiyo inayolipwa kwa sarafu yenyewe, mkataba 1 wa BTCUSD_PERP una thamani ya dola 100, bei iwe juu au chini. Ukienda OKX, mkataba 1 wa BTC-USDT-SWAP ni 0.01 ya Bitcoin. Gate ni 0.0001. Kwa CME ya Chicago, iliyoanza fyucha za Bitcoin Desemba 2017, mkataba 1 ni Bitcoin 5, na ule mdogo uliokuja 2021 ni 0.1. Mtu akiiambia ejenti "nifungulie 1", na ejenti ikafikiri iko Gate kumbe iko Binance, amefungua nafasi kubwa mara elfu kumi kuliko alivyokusudia.

Halafu kuna sarafu za bei ndogo sana. Sarafu ya SHIB kwenye fyucha za Binance inaitwa 1000SHIBUSDT: kiasi 1 ni sarafu elfu moja, na bei inayoonekana ni ya elfu moja. PEPE vilevile. Kwenye soko la kawaida la papo hapo, ambako hununuliwa sarafu yenyewe, jina ni SHIBUSDT, bila elfu. Ejenti ikichukua bei ya huku na kiasi cha kule, hesabu imeharibika mara elfu bila kosa lolote kutokea. Hilo ndilo ninaloliogopa zaidi. Oda iliyokataliwa inamuudhi mtu. Oda iliyopita kwa kipimo kisicho chake inamfilisi.

Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya kila jibu, kabla ya hatua, kabla ya kiasi cha chini, inasema moja ni nini. Tumeiita kipimo, na ni sentensi kamili: "Kiasi 1 cha 1000SHIBUSDT ni SHIB 1,000, bei inayoonyeshwa ni ya SHIB 1,000." Nimesisitiza iwe sentensi kwa sababu modeli huinukuu sentensi kwa mtumiaji kama ilivyo, lakini namba tupu huitafsiri inavyotaka.

Pia maelezo ya zana yanataja soko kwa jina na aina ya mkataba, na yanakataza kutumia jibu hilo kwa soko lingine. Kijana aliyeuliza ndiye aliyeandika mstari huo.

Ijumaa

Leo ni kuhusu kiasi cha chini, maana watu wetu wengi wana mtaji mdogo na hapo ndipo wanapogonga ukuta.

Kanuni ni mbili, na zote mbili lazima zitimie. Moja ni ya kiasi: kwa BTCUSDT huwezi kwenda chini ya 0.001. Nyingine ni ya thamani: oda isipungue kiwango fulani cha dola, ambacho kwa mikataba mingi ni 5. Tuseme kiasi cha chini cha mkataba fulani kina thamani ya dola 60 na thamani yake ya chini ni 5: hapo ile ya kiasi ndiyo inabana. Kwa sarafu ndogo mambo yanageuka, ile ya thamani ndiyo inabana. Modeli, ikiona thamani ya chini pekee, inamwambia mtu mwenye dola 20 kwamba zinatosha.

Hapo leveraji inaleta mkanganyiko mwingine. Mwenye leveraji ya mara 10 anaweka dhamana ya dola 6 tu kwa oda hiyo ya 60. Kanuni inaangalia 60. Maelezo yanasema: "thamani_ya_chini hupimwa kwa bei mara kiasi, si kwa dhamana." Na ipo ruhusa moja inayosahaulika: oda ya kupunguza au kufunga nafasi uliyonayo haidaiwi thamani ya chini. Aliyebakiwa na kipande kidogo asiambiwe kwamba amekwama nacho.

Tumeongeza viingizo viwili visivyo vya lazima, bei na kiasi, ili zana ikague yenyewe. Ikikuta kiasi hakifuati hatua, inapendekeza kilicho chini yake, kamwe si cha juu. Kupandisha ni kutumia pesa ambayo mtu hakusema atumie. Na ikiwa kushusha kunamtupa chini ya kiwango, jibu liseme haiwezekani, liishie hapo, lisimshawishi aongeze.

Jumamosi

Nukta na koma. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunaandika 0,001, na kwetu 1.000 ni elfu moja. Soko linaandika 0.001, na kwake 1.000 ni moja kamili. Mtu wa Lubumbashi akituma ujumbe "kiasi 1.000", anaweza kumaanisha lolote kati ya hayo mawili, kutegemea alikosoma na simu aliyonayo.

Tulijaribu kuandika kanuni ya kubahatisha, tukaiacha. Zana inapokea nukta tu kama alama ya desimali, haipokei kitenganishi cha maelfu, na ikipata koma inarudisha kosa linaloitaka ejenti imwulize mtumiaji: ulimaanisha moja au elfu moja? Kwa 1.000 pia, ingawa kwa mashine ni namba halali, maelezo yanaiagiza ejenti iulize kwanza. Inachosha kidogo. Nitaitetea hata hivyo.

Kosa lenyewe linarudishwa ndani ya jibu likiwa na alama ya isError, si kama hitilafu ya mtandao, kwa sababu katika itifaki hii modeli inasoma la kwanza na kuweza kujirekebisha. Hivyo kila ujumbe wa kosa tumeuandika kama maelezo madogo: kilichokosekana, na hatua ya kufuata. Mtu akiuliza SHIBUSDT, hatumwambii "haipo" tu. Tunasema haipo kwenye fyucha, iliyopo ni 1000SHIBUSDT, na moja yake ni elfu.

Jumatatu

Wakati. Mikataba mingi tunayoulizwa haina tarehe ya mwisho. Wazo la fyucha ya namna hiyo lilipendekezwa na mchumi wa Marekani Robert Shiller mwanzoni mwa miaka ya 1990, na BitMEX ikalileta kwenye Bitcoin mwaka 2016. Lakini jibu la soko lina sehemu ya tarehe ya kukabidhi na haliiachi tupu: kwa mikataba hiyo inaandika 4133404800000, milisekunde ambazo zikigeuzwa ni tarehe 25 Desemba 2100. Modeli iliyopewa namba hiyo ilimwambia mjaribu wetu kwa adabu kwamba mkataba wake utaisha Krismasi ya mwaka 2100. Sasa seva inaigeuza kuwa maneno "hauna mwisho". Kwa mikataba ya robo mwaka, ambayo huisha Ijumaa ya mwisho ya robo, tarehe halisi inabaki.

Kinachozuia fyucha isiyo na mwisho isiachane na bei halisi ni ada ya ufadhili: wanaoamini bei itapanda na wanaoamini itashuka wanalipana kila baada ya muda, upande mmoja kwa mwingine. Kwa BTCUSDT ni kila saa 8, yaani 00:00, 08:00 na 16:00 kwa saa ya UTC. Baadhi ya mikataba ni kila saa 4. Muda huo hauko kwenye jibu la kanuni. Uko kwenye anwani nyingine, fundingInfo, na anwani hiyo inaorodhesha tu mikataba iliyobadilishwa. Mkataba usipoonekana humo, unafuata saa 8 za kawaida. Ukimya wenyewe ni jibu, na modeli haiwezi kulijua hilo bila kuambiwa. Mara ya kwanza ilisema "mkataba huu hauna ada ya ufadhili", jambo ambalo lingemgharimu mtu asubuhi na jioni. Sasa seva inaunganisha anwani zote mbili na kuandika muda kwa kila mkataba, bila kuacha nafasi tupu.

Na nchi hii ina saa mbili. Kinshasa ni UTC+1, sisi UTC+2. Ada ya 08:00 ya UTC kwetu ni 10:00, kwa wa Kinshasa ni 09:00. Tumeamua zana irudishe UTC na saa ya Lubumbashi, zote kwa tarakimu za saa 24, na jina la mji liandikwe. Hapa kuna anayesema saa nne na kuna anayesema saa kumi kwa kufuata Kifaransa, wote wakimaanisha wakati huohuo wa asubuhi. Ejenti isiachiwe kuchagua.

Jumanne

Ubishi wa kweli leo. Seva inahifadhi kanuni kwa saa moja. Intaneti ikikatika na saa ikapita, zana ifanye nini?

Mwenzangu wa seva anasema irudishe kanuni za zamani zikiwa na onyo, maana hatua ya bei haibadiliki kila siku, na mtu aliyeachwa bila jibu ataenda kuuliza mahali pabaya zaidi. Hoja hiyo ina uzito, na nimeifikiria sana. Lakini kitu kimoja kinaweza kubadilika ghafla: hali ya mkataba. Jibu la soko lina sehemu ya status, na ni pale tu inaposema TRADING ndipo mkataba uko sokoni kwa kawaida. Unaweza kuwa unaelekea kukabidhiwa, au unafungwa. Kumwambia mtu kanuni za kuingia kwenye mkataba unaofungwa ni kumwelekeza kwenye mlango usio na chumba.

Tumefika katikati. Kwa swali la kuelewa tu, kanuni za zamani zinarudishwa zikiwa na muda zilipochukuliwa, na ejenti inatakiwa kuutaja muda huo kwa mtumiaji. Kwa ukaguzi wa bei na kiasi, zana inakataa mpaka ipate kanuni mpya. Muda tunaouandika ni wa seva yetu baada ya kulinganishwa na saa ya soko, si ile serverTime ya kupuuzwa.

Jumatano

Yale ambayo zana haifanyi. Niliogopa sehemu hii ingekuwa ndefu, imetoka fupi.

Haiweki oda. Haiombi ufunguo wa akaunti, wala haipokei. Kwa sababu hiyo haijui ngazi za leveraji, maana Binance inazitoa kwa ombi lililotiwa saini ya ufunguo. Tungeweza kuomba ufunguo wa kusoma tu, na watu wawili kwenye kikundi walitaka hivyo. Nimepinga na nitaendelea kupinga: kijana akishazoea kubandika ufunguo wake kwenye mazungumzo na ejenti, kesho ataubandika kwa ejenti ya mwizi. Maelezo yanasema: "Zana hii haijui leveraji yako ya juu. Usikadirie. Mwelekeze mtumiaji aitazame ndani ya akaunti yake."

Tumeweka pia alama ya readOnlyHint, kwamba zana inasoma tu. Itifaki yenyewe inasema alama hizo ni dokezo na zisiaminiwe kutoka kwa seva usiyoiamini, kwa hiyo ulinzi halisi uko kwenye kodi: seva haina mstari hata mmoja unaoweza kutuma oda.

Ijumaa

Maelezo yamefungwa. Nayanakili hapa kama yalivyo, kwa sababu ndiyo maandishi yaleyale yatakayosomwa na modeli na watu wanaojibu wateja wetu. Nimekataa kuwa na matoleo mawili. Yangeachana ndani ya mwezi.

"Huleta kanuni za sasa za mkataba mmoja wa fyucha wa Binance unaolipwa kwa USDT. Iite kila mtumiaji anapouliza hatua ya bei, hatua ya kiasi, kiasi cha chini, thamani ya chini, muda wa ada ya ufadhili au hali ya mkataba. Usijibu kwa kumbukumbu. Soma kipimo kwanza na umwambie mtumiaji moja ni nini. Ukitaka kukagua oda, toa bei na kiasi kama maandishi yenye nukta. Mtumiaji akiandika koma, au 1.000, mwulize kabla. Zana hushusha kiasi, haipandishi. Taja muda kanuni zilipochukuliwa. Kanuni hizi hazifai kwa soko lingine wala kwa soko la papo hapo. Zana haiweki oda, haijui leveraji ya mtumiaji na haishauri anunue au auze."

Tumerudia maswali yote ya wiki mbili hizi. Bei ya BTCUSDT sasa inaishia kwenye senti kumi. Leveraji haikisiwi. Swali la SHIB linajibiwa kwa elfu yake. Kuna moja bado linateleza: mtumiaji akiuliza kwa haraka mikataba mitatu pamoja, ejenti wakati mwingine inataja kipimo cha wa kwanza tu. Baada ya kunakili nimeongeza maneno "kwa kila mkataba" baada ya "moja ni nini", na nitaangalia Jumatatu kama yanatosha.

Baada ya hapo ni soko la Bybit. Kazi kubwa huko ni kurasa: soko lao linatoa mikataba 500 kwa mara moja usipotaja zaidi, pamoja na kielekezi cha ukurasa unaofuata, na mikataba ya aina tunayoitaka imeshapita 500. Seva iliyosoma ukurasa wa kwanza pekee itasema mkataba haupo, na modeli itaamini. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya Bybit nimeshaiandika kabla ya kodi: neno "haupo" lisitoke mpaka ukurasa wa mwisho usomwe.